Somo: Kupanga shahada ya fani mchanganyiko kwa anayetaka kuutumikia umma

Ndugu zangu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, dirisha la udahili linafunguliwa na vijana wengi wanajaza shahada kwa kumfuata rafiki. Somo hili ni la wale wanaojua tayari kwamba wanataka kazi ya serikali, hasa katika halmashauri zetu 184 za Tanzania Bara, ila hawajui wasome nini. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Kanda ya Kati na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Msimamo wangu ni huu: shahada iwe na jina moja linaloeleweka kwa mwajiri, na ndani yake usome fani tatu.

Kwa nini tatu? Chukua kisima cha kijiji. Pampu imekufa, watu wamerudi kwenye madimbwi. Ukifika, fundi anakuambia spea ipo mjini. Fedha nayo ipo, kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji, ila haitoki: mmoja wa watia saini amehamia kwa mwanawe, na mkutano wa kumchagua mwingine kila ukiitishwa akidi haitimii. Ukiuliza kwa nini watu hawaji, kina mama wanakujibu kwamba mkutano unaitwa saa nne asubuhi, wao wako shamba, na mara ya mwisho walipokuja hawakusomewa mapato na matumizi. Sasa hilo ni tatizo la fani gani? Sheria ya maji ya 2019 imo, hesabu zimo, na ratiba ya siku ya mwanamke wa kijijini imo. Aliyesoma upande mmoja tu ataandika kwamba pampu ni mbovu, afunge faili.

Hatua ya 1: Anza na kiti unachokitaka, chuo kije baadaye

Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, fungua matangazo ya zamani na ya sasa, usome sehemu ya sifa za mwombaji. Andika pembeni majina ya shahada yanayotajwa kwa kila kada: Afisa Tarafa, Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Utumishi, Mchumi, Afisa Ustawi wa Jamii. Utaona tofauti haraka. Kada za utawala huwa zinapokea fani nyingi kidogo. Kada kama Mchumi ni finyu. Sifa hizo hazibuniwi na anayeandika tangazo, zinatoka kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika. Muundo huo ndio unaosema pia utapandaje daraja, kwa hiyo utakufuata hadi unastaafu.

Kuna maneno utakutana nayo mara kwa mara: "au fani nyingine zinazofanana na hizo". Wengi wanajipa moyo hapo. Anayeamua kama fani yako inafanana ni anayechambua maombi, naye ana maelfu mbele yake na cheti chako kina mstari mmoja tu wa kujieleza. Usijenge maisha juu ya neno "zinazofanana".

Hatua ya 2: Chagua fani mama

Fani mama ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti. Utawala wa umma, uchumi, mipango, sheria, maendeleo ya jamii, sosholojia: yoyote kati ya hizo inaweza kubeba nyingine. Chuo Kikuu Mzumbe kimekuwa kwenye kazi ya kufundisha watawala tangu 1953, kilipoanza kama shule ya kuwanoa machifu na watumishi wa serikali za wenyeji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayobeba sayansi ya siasa na utawala wa umma kwa pamoja. Dodoma kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na, huko Hombolo, Chuo cha Serikali za Mitaa. Kabla hujajaza, soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo huo, maana vigezo hubadilika, na hakikisha programu imeidhinishwa.

Shahada zenye majina marefu ya kupendeza zipo, nyingine zina masomo mazuri sana. Ukiipenda moja, lirudie daftari lako la hatua ya kwanza: jina hilo limetajwa popote? Kama halijatajwa, masomo yake yachukue kama kozi za hiari ndani ya shahada iliyotajwa.

Hatua ya 3: Kozi za hiari ndizo shahada yako ya pili

Hapa ndipo ninapowasihi mkae kwa utulivu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, mihadhara na kujisomea vikiwa pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za maisha yako. Ukichagua kozi sita za hiari kwa sababu tu mhadhiri wake hatoi sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli), umetoa saa 720, moja ya tano ya shahada nzima.

Mimi ningepanga hivi. Kwanza fedha za umma: bajeti, uhasibu wa serikali, ununuzi. Wanafunzi wa sayansi ya jamii wanaikimbia, na ndiyo inayowaumbua kazini, kwa sababu kila jambo halmashauri linaishia kwenye kifungu cha bajeti. Pili sheria, hasa sheria ya utawala na ya serikali za mitaa. Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982 ndizo zilizounda mamlaka za wilaya na za miji, na mtu anayezifahamu hababaishwi kikaoni. Tatu takwimu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na takwimu zake zinashuka hadi ngazi ya kata. Afisa asiyeweza kuzisoma atapanga madarasa kwa kukisia.

Kozi nyingine ziko idara tofauti na yako. Nenda kwa mkuu wa idara mapema, uliza kama kuna kozi ya awali unayotakiwa uwe umeifaulu, kisha linganisha ratiba za vipindi kabla ya kusajili. Migongano ya ratiba imewaharibia wengi mipango mizuri.

Hatua ya 4: Fildi uifanyie kata

Vijana wanapenda makao makuu, kuna feni na intaneti. Omba upelekwe kata. Mtendaji wa Kata ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani ni mwenyekiti, na kwenye meza hiyo utamkuta mwalimu, mganga, afisa ugani na wenyeviti wa vijiji wakigombea fedha ile ile. Omba kuandika muhtasari. Omba kuonyeshwa mpango wa kijiji uliotokana na Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (njia ya wananchi kupanga wenyewe), uulinganishe na kilichoingia kwenye bajeti.

Halafu fuatilia shilingi moja. Mkusanya ushuru anatoza gunia la alizeti, mashine ya POS inatoa risiti, fedha inatakiwa kwenda benki. Ikitumika kabla ya kufika huko, hata kama ni kununulia mafuta ya pikipiki ya ofisi, hiyo tunaiita kutumia fedha mbichi, na mkaguzi haisamehe. Kaa na mkusanyaji asubuhi moja gulioni, kisha kaa na mhasibu siku anayolinganisha risiti na taarifa ya benki. Utaelewa udhibiti wa ndani kuliko ulivyouelewa darasani.

Hatua ya 5: Tasnifu

Iunganishe fani zako tatu kwenye swali moja dogo la mahali unapopajua. Mfano: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vya kata moja vilivyorejesha vilitofautianaje na vilivyoshindwa? Ndani yake mna sheria, hesabu na jamii.

Hatua ya 6: Karatasi

Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, kidato cha nne na chuo yafanane. Rekebisha ukiwa mwaka wa kwanza. Kama yametofautiana, utahitaji hati ya kisheria ya kubadili majina, na tangazo la kazi halitakusubiri.

Maswali ya wanachama

Iringa: Shikamoo. Nina HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hesabu niliachana nazo kidato cha nne. Hiyo takwimu si itanidiskoza, niondolewe chuo?

Marahaba. Kozi ya utangulizi wa takwimu kwa sayansi ya jamii haidai hesabu za EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Inadai wastani, asilimia, jedwali, na kuelewa sampuli imepatikanaje. Ichukue muhula ambao kozi zako nyingine ni nyepesi, tafuta kikundi cha kujisomea wiki ya kwanza, usingoje test.

Kahama: Mimi ni mzazi. Binti amechaguliwa kusoma masomo ya maendeleo, mjomba wake anasema haina ajira ahamishwe. Nimsikilize nani?

Mama, msikilize tangazo. Kaa na binti mfungue matangazo kumi ya kada anazozitaka. Kama jina la shahada yake linatokea, mwache asome na mkazanie kozi za fedha. Kama halitokei hata mara moja, dirisha la uhamisho huwa ni fupi, aanze kuulizia wiki hii chuoni na Bodi ya Mikopo pia, ili bumu (fedha za mkopo za kujikimu) lisikwame.

Kondoa: Mkuu, mimi ni mtendaji wa kijiji mwenye astashahada. Nikisoma shahada nitabadilishiwa muundo moja kwa moja?

Hapana, mkuu. Anza na ruhusa ya mwajiri kwa maandishi na uhakikishe umo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Kubadilishiwa kada kunategemea shahada iendane na muundo unaouendea, kuwepo nafasi na bajeti ya mshahara. Waliosoma kimyakimya wakarudi na cheti wameishi na mshahara ule ule muda mrefu. Muone afisa utumishi kabla hujalipa ada.

Chake Chake: Haya yanatuhusu sisi wa Pemba?

Kupanga masomo, ndiyo. Ajira ina milango miwili: Serikali ya Mapinduzi ina mfumo wake wa utumishi, na taasisi za Muungano zina mgawo wa asilimia 21 kwa Wazanzibari. Soma matangazo ya pande zote mbili, kisha uchague fani mama inayotajwa kote.

Mwanza: Nimeingia mwaka wa tatu, hiari zote nilichagua kwa kukwepa sapu. GPA (wastani wa alama zangu) ni 3.6. Nimechelewa?

GPA yako iko daraja la pili la juu, ilinde. Imebaki mihula miwili na tasnifu. Muhula huu chukua kozi moja ya fedha za umma, tasnifu ielekeze kwenye bajeti ya kata ya nyumbani, na ukimaliza omba kujitolea halmashauri, kitengo cha mipango. Barua ya maombi ipeleke kwa Mkurugenzi Mtendaji, itaje kata na kazi unayotaka kuifanya. Barua inayosema "kazi yoyote" huwa inakaa masijala.