Kasoro za rangi ya gari unayoipiga nyumbani: tafuta chanzo kabla ya kuongeza rangi

Rangi ikiharibika kwenye boneti, wengi hujaza tena bunduki ya kupulizia rangi na kupiga mkono mwingine, yaani tabaka jingine, juu yake. Usifanye hivyo. Kasoro ina chanzo, na chanzo kikiwa bado kipo, mkono wa pili utaharibika kama wa kwanza, na tina (ya kuzimulia rangi) na hadina (ya kuigandisha) umeshazitumia. Mimi napiga rangi hapa Arua, Uganda, uani, chini ya turubai, kwa kompresa ndogo. Naandika kwa ajili ya mwenye hali kama hiyo, aliyepania kulirudishia sura gari lake mwenyewe.

Kabla ya yote, kifua chako. Klia, lile tabaka angavu la juu lenye kung'aa, na rangi zinazochanganywa na hadina zina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, nayo huwezi kuitegemea pua yako ikuonye. Kitambaa cha mdomoni au barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Kinga bora ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, angalau vaa barakoa ya vichujio vya mkaa vilivyo vipya, pigia mahali penye hewa, funika mikono na macho, na watoto wasiwe karibu. Sigiri ya jirani nayo izimwe, maana mvuke wa tina hushika moto.

Hatua ya 1: Jiulize kasoro imetokea lini

Swali hili hupunguza nusu ya kazi. Iliyojitokeza rangi ikiwa bado mbichi, shuku mafuta, bunduki au rangi ya zamani iliyo chini. Iliyokuja wakati wa kukauka, shuku jua, unyevu au rangi iliyopigwa nzito. Iliyokuja baada ya wiki kadhaa, shida imelala chini kabisa: maji kwenye fila (ile ya kujazia mabonyeo), kutu, au msasa uliorukwa.

Hatua ya 2: Ipime rangi ya zamani

Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, halafu yakapigwa rangi hapa na pale njiani. Huwezi kujua kilicho chini kwa kutazama. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tina kali, kibandike mahali pasipoonekana, kama ndani ya mfuniko wa tangi la mafuta, ukiache dakika moja hivi, kisha sugua. Kitambaa kikitoka safi na rangi ikabaki ngumu, hiyo ni ya kiwandani au ya hadina, endelea. Kikitoka na rangi, au ukikuta pamelainika na kucha inazama, chini kuna NC (rangi ya nitroselulosi, inayokauka kwa tina kuruka tu) au rangi ya mafuta isiyo na hadina.

Hiyo ya pili ndiyo inayokunjamana. Unapiga mkono wako mzuri, tina inazama, ya chini inavimba, na mbele ya macho yako uso unajikunja mikunjo midogomidogo. Ikishafika hapo, acha. Subiri ikauke kabisa, kwangua mpaka mahali pagumu, ikibidi mpaka bati, kisha piga praima (rangi ya msingi) ya epoksi yenye hadina. Kuificha kwa mikono mingi ni kuongeza tina inayoivimbisha.

Hatua ya 3: Chunguza upepo wa kompresa

Hewa ya kompresa hutoka moto na kubeba maji, na kompresa iliyochoka huongeza mafuta. Fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kila unapoanza. Kichujio cha maji usikifunge palepale kwenye tangi. Kiweke mbali, baada ya mita kadhaa za mpira, kwa sababu maji hayashikiki mpaka hewa ipoe. Kisha pulizia upepo mtupu kwenye kioo safi. Ukiona matone au ukungu wa mafuta, usiweke rangi.

Hatua ya 4: Macho ya samaki

Rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, katikati unaona ya chini. Hayo ni mafuta au silikoni, na hapa kwetu hutokana zaidi na dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi. Mtu akipulizia tairi upande wa pili wa ua, chembe zake zinafika kwenye mlango wako.

Simama kwenye mkono huohuo. Vikiwa vichache, acha rangi ikauke kidogo, kisha piga ukungu mwepesi mkavu juu ya vishimo, mara kadhaa, ukisubiri kati yake. Vikiwa vingi, acha ikauke, piga msasa ushushe, na usafishe upya kwa vitambaa viwili: kimoja chenye dawa ya kuondoa mafuta, kingine kikavu kinachofuata nyuma kabla dawa haijakauka. Dawa ikijikaukia yenyewe, mafuta yanarudi palepale. Na usafishe kabla ya msasa pia, la sivyo msasa unayasukuma ndani ya mikwaruzo.

Hatua ya 5: Kasoro za mkono na bunduki

Ganda la chungwa, yaani uso wenye vinundu kama ganda la tunda hilo, hutokea rangi ikifika ikiwa nzito au ikianza kukauka njiani. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, pua ya milimita 1.3 au 1.4, upepo bari 2 hivi au kama bunduki yako inavyoelekeza, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukishasogea karibu mno au ukasitasita, itatiririka. Usiufute mchirizi ungali mbichi. Uache ugande, uusawazishe kwa msasa wa maji wa namba 1000 uliozungushiwa kipande cha mbao, halafu 1500, 2000, kisha polishi.

Mawingu, yaani mabaka meusi na meupe, kwenye rangi ya fedha (kibati cha Toyota husema 1F7 penye C/TR, mahali pa namba ya rangi) hayaondoki kwa polishi, kwa kuwa ni chembe za metali zilizolala ovyo. Yasahihishwe kabla ya klia: rudi nyuma kidogo, punguza upepo, upige mkono wa mwisho kama ukungu. Nyeupe ya Toyota ya 040 haina chembe hizo, na kwa anayeanza ni heri aanze nayo.

Hatua ya 6: Jua na mvua

Klia iliyopigwa nzito, gari likiwekwa juani papo hapo, hukauka juu, tina ikabaki chini, kisha inatoboa vitundu kama vya sindano. Polishi haiviondoi, piga msasa mpaka viishe, rudia klia. Dawa yake ni mikono myembamba, kusubiri kati yake kama kopo linavyosema, na tina ya joto, ile inayokauka polepole.

Siku za mvua, NC hugeuka nyeupe kama maziwa: tina ikikauka haraka inapoza bati na unyevu wa hewa unatua juu. Subiri jua litoke, mara nyingi hufifia. Isipofifia, ukungu mwembamba wa tina ya polepole. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kinaleta vumbi jekundu, kwa hiyo mwagia uwanja maji kabla ya kuanza. Na mvua zikirudi, usipige klia jioni na taa imewashwa. Kumbikumbi watakuja wote.

Hatua ya 7: Yanayojitokeza baadaye

Malengelenge juu ya fila mara nyingi yana maana uliipiga msasa kwa maji. Fila hunywa maji. Ipige kavu, 80 kisha 180 kisha 320, kwa sababu kuruka namba kunaacha mistari itakayoonekana rangi ikishazama. Palipovimba pakwanguliwe mpaka kwenye bati.

Klia ya paa inayobanduka kwa kuchomwa na jua haipokei klia mpya juu yake. Ondoa yote iliyolegea, sawazisha kingo mpaka kidole kisihisi ngazi, praima, msasa wa 800, rangi, klia. Kisha kwa mwezi mzima baada ya kupiga, oshea maji matupu na sabuni laini, na nta uisubirishe.