Mambo ya kuzingatia kabla hujamnunulia kijana bunduki yake ya kwanza ya shabaha

Kijana akishaenda mazoezini mara tatu nne ataanza, nataka ya kwangu, nataka ya kwangu, na mzazi anakimbilia kuuliza bunduki gani inapiga vizuri. Hapo ndo watu wanapotea, manake bunduki za mashindano karibu zote, hata za bei ya chini, zinapiga vizuri kuliko mtoto anavyoweza kuzishika, ukiibana kwenye vaisi peleti tano (virisasi vya bunduki ya hewa) zinaingia karibu tundu moja. Cha kuuliza ni kama huo mwili wake na hicho chuma vitaelewana.

Hapa naongelea bunduki ya hewa ya kupiga shabaha iliyo mita 10, risasi ya milimita 4.5, ndo wengi wanakoanzia, na iko Olimpiki tangu 1984. Ile alama ya kumi ya katikati ya shabaha ni kitone cha nusu milimita tu. Za .22, zile za risasi za baruti, zisubiri kwanza.

Uzito ndo jambo kubwa kuliko yote na ndo nililolikosea mimi na wa kwangu. Sheria za kimataifa zinasema isizidi kilo 5.5, basi nikaona nikikaribia hapo nimenunua kitu cha maana, kumbe ule ni mwisho tu, hakuna aliyesema ufike! Mechi kamili ni risasi 60 kwa muda wa saa moja na robo, umesimama. Mtoto wa miaka 11 ukimpa kilo 5 risasi za kwanza atapiga vizuri halafu kiuno kinaanza kujipinda kutafuta nafuu, na akishazoea kusimama vibaya kumrudisha ni kazi ya miezi. Anza na kilo 3 au 3 na nusu hivi, vyuma vya kuongeza uzito vipo, vitafungwa akikua. Kabla hujalipa mwambie ailenge dakika nzima bila kufyatua, we usiangalie shabaha, angalia mabega na ncha ya mtutu.

Ukitoka hapo angalia kitako. Usinunue ya kukulia kama nguo ya sikukuu. Unataka kitako kinachorefushwa na kufupishwa, na kipande cha shavu kinachopanda na kushuka, ili kichwa kibaki wima na jicho lije lenyewe kwenye kilengeo bila shingo kukimbizana nacho. Kupima haraka haraka, weka mwisho wa kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, kidole kikifika kwenye triga bila kujinyoosha sana uko karibu, mengine kocha atamalizia.

Jicho nalo watu wanalisahau. Mwambie anyooshe mikono aunganishe viganja aache kitundu kidogo, aangalie kitu cha mbali kupitia hapo, halafu afumbe jicho moja moja. Linaloendelea kukiona ndo jicho tawala. Kuna watoto wanaandika kwa mkono wa kulia na jicho tawala ni la kushoto, na bunduki nyingi za klabu ni za kulia, kwa hiyo hili lijue mapema, sio baada ya msimu mzima wa kumgombeza mtoto eti hajitumi. Na jicho lingine asilifumbe, uso unakaza na anachoka, anaweka kikinga cha kuliziba tu. Darubini sahau, mashindanoni ni kilengeo cha tundu, diopta, na kwa anayeanza pete ya kulengea ya mbele, kwenye ncha ya mtutu, iwe pana kidogo, ikibana sana mtoto anakaa analenga mpaka pumzi inaisha.

Sasa hewa inatoka wapi. Za spring za zamani kama Feinwerkbau 300S bado zinapiga vizuri ajabu ila nzito na zinataka mkono wa kuzikoki. Za kupampu mara moja kila risasi, mfano Daisy 853 iliyofundishia watoto wengi Marekani, hazina gharama ya kujaza ila zidisha kwa 60 uone mkono wa mtoto utakuwaje. Za mtungi wa hewa iliyobanwa ndo laini kuliko zote, unajaza mpaka presha ya bar 200 au 300 kutegemea mtungi, kwa hiyo jua kwanza utajazia wapi, na kamwe usijaze oksijeni, inaweza kulipuka. Ukinunua iliyotumika soma tarehe kwenye mtungi, mingi inapewa miaka 10 tu, ikishapita hiyo, ule unafuu wote wa bei unaishia kwenye kununua mtungi mpya.

Hela usimalizie kwenye bunduki. Jaketi, glavu na viatu vinamtuliza mtoto kuliko bunduki ya gharama, alafu kuna peleti, zile za kichwa bapa zinazotoboa karatasi safi, jaribu aina mbili tatu kwenye mtutu huo huo. Peleti hizo ni za madini ya risasi (ledi), anawe mikono kabla ya kula.

Sheria ya mahali ulipo uulizie klabu kabla ya kununua, umri, kibali, nani anaruhusiwa kuibeba. Nyumbani iwe imefungwa, peleti kabati lingine, funguo kwako, na uzi wa usalama upite ndani ya mtutu muda wote haipigi. Kama hawezi kukutajia mwenyewe bila kukumbushwa kwamba mtutu unaelekea kwenye shabaha tu na kidole kiko nje ya triga mpaka amelenga, basi subiri.

Na kusubiri hakumpotezei kitu bana. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alianza kulenga 2021, na 2024 Paris akachukua dhahabu ya mita 10 akiwa na miaka 16. Mwache apige msimu mmoja na ya klabu, siku ya kununua nendeni na kocha, apige risasi 20 na hiyo hiyo mnayotaka kuichukua, muuzaji akikataa ijaribiwe geukeni mrudi nyumbani.