Kuendesha programu za Python zenye madirisha kutoka kwenye terminal

Wakuu, programu ikiwa bado inajengwa, msiifungue kwa kubofya faili mara mbili. Dirisha litamulika na kupotea, na maelezo ya kosa yatapotea nalo. Ukiiendesha kwa amri, kosa linabaki palepale kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), na namba ya mstari ulioharibika.

Hatua ya 1: hakikisha tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha, ipo.

python3 -m tkinter

Kwenye Windows andika py -m tkinter. Kikitokea kidirisha chenye toleo la Tcl/Tk na vitufe viwili, uko tayari. Kama uko Ubuntu au Debian na umeambiwa No module named tkinter, andika sudo apt install python3-tk.

Hatua ya 2: hifadhi hii kwa jina dirisha.py.

import tkinter as tk
d = tk.Tk()
tk.Label(d, text="Habari!").pack()
d.mainloop()

Mstari wa mwisho ndio roho ya programu. Unalishikilia dirisha likae wazi, likisubiri mtu abofye au aandike. Ukiusahau, Python inafika mwisho wa faili, inafunga virago, na wewe hukuona kitu. Halafu tafadhali, faili usiliite tkinter.py! Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu yako, kwa hiyo italichukua faili lako badala ya tkinter yenyewe.

Hatua ya 3: ingia kwenye folda kwa cd, kisha:

python3 dirisha.py

Terminal itatulia kimya mpaka ufunge dirisha. Haijaganda. Kwenye Linux na Mac, ukiweka & mwishoni mwa amri utaendelea kuitumia.

MASWALI

Mkuu, kwenye Windows naondoaje lile dirisha jeusi la nyuma?

Tumia pythonw dirisha.py, au badili jina la faili liishie na .pyw. Ila subiri programu ikamilike kwanza, maana pythonw haikuonyeshi kosa lolote.

Asante kwa somo. Nimeingia kwenye seva kwa ssh, inaniambia no display name and no $DISPLAY environment variable.

Seva haijui ichore dirisha kwenye skrini ipi. Toka, uingie upya kwa ssh -X. Seva iwe imeruhusu X11Forwarding (kupitisha madirisha ndani ya ssh), na kompyuta uliyokalia iwe na X server (programu inayochora madirisha hayo kwenye skrini) inayofanya kazi. Ukiwa ndani andika echo $DISPLAY. Ikirudi tupu, dirisha bado halitafunguka.