Namna ya kulinganisha dadu kabla ya kuchagua mchezo wa wahusika

Kundi lenu la Goma linalotafuta mchezo wa wahusika, yaani mchezo ambao kila mtu anaigiza mhusika na dadu huamua kama tendo lake limefaulu, lisichague mfumo (seti ya sheria za mchezo) kwa kusoma tu. Chukueni tendo moja, tuseme kukwea ukingo wa volkano ya Nyiragongo usiku wa mvua, mlipime katika kila mfumo. Andikeni uwezekano wa kufaulu kwa asilimia, kisha ongezeni 1 kwenye uwezo wa mhusika muone imeleta nini. Hapo ndipo mifumo inapoachana.

Dungeons & Dragons, toleo la 2014: dadu moja ya pande 20, jumlisha nyongeza (namba ya uwezo wa mhusika), fikia namba ya ugumu. Ugumu ukiwa 15 na nyongeza 3, unahitaji 12 kwenda juu: nyuso 9 kati ya 20, yaani 45%. Kila nyongeza ya 1 inaleta 5%, uwe mwanafunzi ama fundi. Kwa hiyo hata fundi huanguka sana. Msimrushishe dadu kwa kazi nyepesi. Kurusha mbili na kuchukua kubwa kunapandisha hiyo 45% hadi karibu 70%, lakini anayehitaji 20 kamili anatoka 5% na hafiki hata 10%.

GURPS, mfumo mwingine, inatumia dadu tatu za kawaida, zilezile za ludo, na jumla isizidi ujuzi wako. Ujuzi 10 ni 50%, 11 ni 62.5%. Ila 15 ni 95.4% na 16 ni 98.1% tu: anayeanza anapata kingi, fundi anapata kidogo. Kosa linaloharibu meza nyingi ni kuhamisha adhabu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kwa dadu ya pande 20, kutoa 5 kunakula 25%. Hapa kunamshusha fundi wa 15 kutoka 95% hadi 50%.

Dungeon World, mfumo wa tatu: dadu mbili za kawaida pamoja na nyongeza. Kwa nyongeza ya 1, 28% unashindwa, 44% unafaulu kwa gharama (jumla 7 hadi 9), 28% unafaulu kabisa. Mwongozaji (anayesimulia na kuendesha mchezo) asiyeandaa gharama mapema atakwama karibu kila mrusho wa pili.

Dadu ya pande 20 ikikosekana sokoni, tumieni karata 20: kopa 1 hadi 10, na shupaza 1 hadi 10 zihesabiwe 11 hadi 20. Rudisheni karata na kuchanganya upya kila mara. Mkiiacha nje, anayefuata anachagua kati ya 19, na asilimia zote mlizoandika zinakuwa za uongo.