Jeli ya klinda kwa chunusi: nilivyoipaka vibaya mwaka mzima na nilivyokuja kuipaka sawa

Naanza na kosa langu kwanza, maana najua kuna mtu anasoma hapa na tyubu ipo kwenye mkoba na analifanya hilohilo.

Nlienda famasi na chunusi za mashavuni na kidevuni, zile zenye usaha kichwani, watu wanasema nyekundu ila kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huuoni, unaona kivimbe cha zambarau zambarau hivi na kinauma hata ukilalia. Muuzaji akanitolea kityubu kidogo, kimeandikwa Clindamycin Gel 1%, ndo hiyo klinda, antibayotiki ya kupaka, akaniambia "paka asubuhi na jioni dada, zitaisha." Basi, hakusema mpaka lini wala ipakwe pamoja na nini na mimi sikuuliza. Na kweli wiki ya sita uso ukatulia, nikaanza hadi kupiga picha bila filta. Tyubu ikiisha nanunua nyingine, ya tatu, ya nne, nikawa naipaka kama mafuta ya kawaida tu. Mwezi wa saba zikaanza kurudi mojamoja, nikaongeza dozi, mwezi wa tisa zilikua zimerudi zote na ndugu zao juu, na jeli naipaka na haifanyi kitu, kama napaka maji.

Ndo nikaenda kwa mtaalamu wa ngozi. Sio daktari bingwa, ni mmoja wa wale waliosomea ngozi pale KCMC Moshi, kile kituo cha kanda cha mafunzo kilichoanza 1992, wapo kwenye hospitali nyingi tu za mikoa ila watu hawajui wanakimbilia kuulizana salon. Akaniuliza maswali mawili: unaipaka na nini, na umeipaka miezi mingapi. La kwanza nikajibu peke yake. La pili nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha mkono wa kwanza nikahamia wa pili, akacheka akasema inatosha nimeshaelewa.

Alivyonielezea ni hivi. Ndani ya vitundu vya vinyweleo kuna bakteria anaishi humo siku zote, kila mtu anaye, tatizo ni pale kitundu kinapoziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa, anazaliana mule ndani na mwili unaanza kupigana naye, ndo uvimbe na usaha. Klinda inamzuia asitengeneze protini zake na pia inapunguza uvimbe, ndo maana mwanzoni inakua kama miujiza. Ila ukiipaka peke yake muda mrefu wale wachache wanaoistahimili wanabaki na kuzaana, mwishowe una uso uliojaa bakteria sugu. Na usije ukasema basi nahamia erithromaisini ya kupaka, nayo ni antibayotiki, hizi mbili zinampiga bakteria sehemu ileile, aliyezoea moja mara nyingi ameshazoea na nyingine, na ukizipaka pamoja ndo kabisa zinagombania nafasi.

Kwahiyo klinda inahitaji mwenza na inahitaji tarehe ya kuacha.

Mwenza ni benzoili, kwenye boksi utaona Benzoyl Peroxide. Yenyewe sio antibayotiki, inatoa oksijeni ndani ya kitundu na yule bakteria oksijeni hapatani nayo, na hajawahi kujulikana kuizoea. Chukua ya 2.5% au 5%, achana na ya 10%, hiyo kubwa inakuchubua zaidi bila kukuponya zaidi ya hapo. Kuna tyubu ambazo zimeshachanganywa klinda na benzoili humohumo, ndo nlizoandikiwa mimi. Nyingi za hizo famasi inatakiwa ikutolee kwenye friji, ukishafika nayo nyumbani inakaa nje ila sio muda mrefu, miezi miwili mitatu kutegemea na maelekezo ya kwenye boksi, na kwa joto la Dar usiiache juu ya kabati la bati wala kwenye mkoba ndani ya gari. Ukikosa ya kuchanganywa unapaka benzoili asubuhi klinda jioni, au unatafuta benzoili ya kunawia, unajisugua taratibu, unaiacha dakika mbili, unasuuza, ndo unapaka klinda.

Kabla hujanunua lakini jiangalie vizuri ni chunusi gani. Kama una vichwa vyeusi tu puani na kidevuni, hakuna kilichovimba hakuna usaha, klinda sio dawa yako. Kama ni vipele vidogovidogo vimelingana kama vimepimwa na rula, vimejaa paji la uso na kifua na VINAWASHA, hiyo inaweza kua fangasi, na antibayotiki inawanenepesha fangasi kwahiyo utazidi kuharibika. Kama ni mavimbe makubwa ya ndani kama majipu yanaacha mashimo, usipoteze muda na jeli, nenda hospitali kuna vidonge vyake na daktari ndo anaviandika, unavyochelewa ndo mashimo yanaongezeka. Na kama unapaka mkorogo au vile vityubu vya steroidi vya kung'arisha, jamani hapo chunusi inaletwa na hicho hicho, utapaka klinda mpaka uzeeke. Mwambie mtaalamu ukweli kwamba unatumia, maana kuacha ghafla nako uso unalipuka, kunahitaji kuelekezwa.

Halafu kuna ile ya kufungua kapsuli za rangi mbili unachanganya na asali au limao unapaka. Jirani yangu anaiamini mpaka kesho. Ule unga haujatengenezwa kupenya kwenye kitundu, hujui umepaka kiasi gani, unachofanya ni kumfundisha bakteria mazoezi. Sikumshawishi, ila we usome tu.

Haya sasa namna ya kupaka.

Siku tatu za kwanza jaribu sehemu ndogo, mimi nlijaribu chini ya taya karibu na sikio. Kuwasha kidogo na kukauka ni kawaida, kuvimba macho au midomo au kutoka malengelenge sio kawaida, acha uende hospitali. Ukiona kimya anza usiku mmoja unapaka mmoja unapumzika, wiki mbili. Watu wengi wanashindwa hapa, wanapaka kila siku kuanzia siku ya kwanza, siku ya nne ngozi inachubuka wanasema dawa imenikataa.

Nawa na sabuni laini, sio ya kufulia wala zile za kuua vijidudu zinazonukia hospitali. Usisugue na dodoki, uso sio sufuria. Kausha kwa kugusisha taulo, halafu SUBIRI, robo saa hivi, ngozi ikiwa na maji dawa inachoma zaidi. Hapo katikati mimi napaka mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe za mdomo na pembeni ya matundu ya pua, maana ndo panapochubukaga kwanza, hiki kijanja kimenisaidia kuliko vyote. Kisha unakamua jeli kiasi cha punje ya njegere, nasema punje moja kwa uso mzima, sio punje kwa kila chunusi. Unaweka vidoti vitano, paji, shavu, shavu, pua, kidevu, unasambaza mpaka ipotee. Ukiona uso umebaki mweupe kama umepaka unga umezidisha.

Na unapaka eneo lote ambalo chunusi hua zinatoka, sio juu ya kichunusi kilichopo tu. Hiki unachokiona leo kilianza wiki kadhaa nyuma kimyakimya, na vya mwezi ujao vipo humo sahivi vinajiandaa, kwahiyo ukifukuza kimojakimoja utafukuza maisha yako yote. Epuka macho na midomo. Nawa mikono ukimaliza. Baada ya dakika kumi paka losheni nyepesi, wenye ngozi ya mafuta msiruke hii, ngozi ikikaushwa sana ndo mnakata tamaa na kuacha dawa.

Sasa kuhusu vitambaa. Benzoili ni jiki. Sikuambiwa, nikalalia foronya ya kitenge ya bluu, wiki ya pili katikati pamekua na duara la rangi ya chungwa la ukubwa wa shavu langu kabisa, ukiangalia unaona hadi umbo. Nikaharibu na taulo la mama la zambarau, hilo lilileta kikao. Tumia foronya nyeupe na taulo jeupe lako peke yako. Ukipaka asubuhi subiri ikauke kabisa ndo uvae, hasa kina dada wa mitandio na ushungi, na kola za shati za kazini, na usiifikishe kwenye nywele za mbele kama umezitia rangi.

Wiki ya nne nlivyozoea akanihamishia ile ya mchanganyiko asubuhi, usiku akaniongezea adapalini 0.1%. Hiyo kazi yake ni kuzibua vitundu na kuzuia visizibe tena, nayo ilianza taratibu hivohivo, usiku tatu kwa wiki. Mjamzito au unayetafuta mimba adapalini usiguse, na hata hizo nyingine mwambie daktari kwanza. Ukiwa nayo jua linakuchoma haraka, mchana sanskrini, kofia, mwavuli, chochote.

Kwa muda, tegemea hivi: wiki mbili za kwanza utakua mbaya kuliko ulivyoanza, umekauka na pembe za mdomo zina majivu. Wiki ya nne unaona mpya zinapungua lakini zilizopo zipo. Wiki ya sita mpaka ya nane ndo watu wanaanza kukuuliza unatumia nini. Ukifika ya nane hakuna hata dalili ya kupungua, rudi kwa aliyekuandikia, usijiongezee.

Wiki ya kumi na mbili klinda inaishia hapo. Mimi nlichukua makapeni nikaandika kwenye tyubu yenyewe "3/2 hadi 28/4", ili nikiwa naipaka asubuhi naiona. Tarehe 28 nikaacha kweli japo roho iliniuma, maana uso ulikua mzuri na unaogopa kugusa kilichokufikisha pazuri. Ila sikuacha kila kitu, benzoili peke yake na adapalini ndo nlibaki nazo, na hizo ndo zinashikilia mpaka leo. Ukiacha vyote siku moja zinarudi, sio dawa mbaya, ni vitundu vimeanza kuziba tena.

Madoa usiyachanganye na chunusi. Chunusi ilishaisha, limebaki doa jeusi bapa, ukipitisha kidole halina mwinuko, hilo klinda hailigusi na litachukua miezi. Kinachoyaongeza ni jua na vidole vyako, kwahiyo usitumbue, majipu tuwaachie wanasiasa. Kuna asidi ya azelaiki inasaidia madoa na chunusi kwa pamoja, iulizie. Ni hapa kwenye madoa ndo watu wanarudi kwenye mkorogo na safari inaanza upya.

Vingine vidogo: mafuta ya nywele yakitiririka kwenye paji na jasho la daladala, chunusi za paji haziishi, funga kitambaa ulalapo. Wa bodaboda mikanda ya helmeti chini ya kidevu, ifute. Ukianza kuharisha sana, hasa ukiona damu, acha klinda nenda hospitali hapohapo, ni nadra kwa ya kupaka ila imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi na karatasi ile hakuna anayeisoma. Kama uliwahi kupata ugonjwa wa utumbo baada ya antibayotiki, sema mapema.

Tyubu yangu ilibaki kama robo. Mdogo wangu akaja akaniomba, "dada si unatupa, nipe mimi." Nikamvuta dirishani kwenye mwanga nikamshika kidevu, nikamgeuza huku na huku. Vichwa vyeusi vitupu, hakuna hata kimoja chenye usaha. Nikaitupa ile tyubu, nikampa siku ya kwenda kuonwa.