Steringi wa plastiki kwenye meza ya fundi simu

Mimi ni fundi simu, soko la Majengo hapa Dodoma, na hadi mwaka jana katuni nilizozijua ni za magazetini tu. Siku moja pale Sabasaba, kwa muuza mitumba, nikanunua bunda la majarida ya katuni ya Kimarekani ya Batman, yule shujaa anayevaa kama popo, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Kiingereza chake kilinitoa jasho, michoro haikunisumbua. Kilichonishika ni joho lake: ni jeusi, lakini limepakwa buluu. Batman alianza kuchapishwa mwaka 1939, kwa mkono wa mchoraji Bob Kane na mwandishi Bill Finger, na majarida ya rangi ya enzi zile yalichapwa kwa wino wa aina nne tu. Angepakwa weusi mtupu angekuwa doa, mikunjo isionekane. Buluu ndiyo inayosema mwanga umempiga upande gani.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposhuka SGR kutoka Dar na boksi la Batman wa kuunganisha, yaani sanamu ya plastiki inayokuja vipande vipande, niliamua simpaki kama picha ya kwenye boksi. Namtaka kama alivyo kwenye karatasi.

Vipande huja vimeshikana na fremu, kila kimoja na namba yake. Usivikwanyue. Osha fremu nzima kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, maana plastiki huweza kutoka na mafuta ya kalibu, na rangi haikai juu ya mafuta. Ikikauka, kata kwa koleo ndogo ya kukatia nyaya, mara mbili: kwanza mbali, ukiacha kikonyo cha kama milimita 3, kisha karibu. Ukibana mara moja tu, plastiki nyeusi hupata kovu jeupe. Kilichobaki kiparue kwa wembe, umalizie na msasa wa maji, namba 400 halafu 800.

Sasa gundi. Sisi mafundi mkono hukimbilia supaglu. Iache. Mvuke wake ukituama huacha ukungu mweupe, na juu ya plastiki nyeusi utauona toka mlangoni. Tafuta gundi ya modeli za plastiki, ile nyepesi kama maji, yenye brashi kwenye kifuniko. Yenyewe huyeyusha plastiki kidogo, pande mbili zikawa kitu kimoja. Jaribisha vipande vikiwa vikavu, vibane, kisha gusisha brashi kwenye mstari wa kiungo. Gundi itajivuta ndani. Acha hadi kesho yake.

Kuhusu kuyeyuka, nina ushahidi. Nilikosea rangi ya uso, nikaona nifute kwa asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi ilitoka na kidevu kikafuata. Steringi wangu sasa ana kidevu cha babu asiye na meno. Ukikosea, rangi ya akriliki, ile inayozimuliwa kwa maji, ikiwa bado mbichi, futa kwa pamba ya masikio yenye maji, basi.

Joho usiligandishe mapema. Lipake peke yake na mwili peke yake, la sivyo brashi haitafika mgongoni. Sehemu za kuungana usizipake. Zikiingia rangi, kwangua, kwa sababu gundi hii inataka plastiki tupu.

Anza na rangi ya msingi ya kijivu, nyembamba. Kisha akriliki, na hapa Dodoma ndiyo itakutesa: hewa ni kavu, kufika saa nane mchana rangi inaganda kwenye brashi kabla hujafika begani, na upepo unaleta vumbi jekundu. Mimi hupaka saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Rangi naiweka juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji yenye maji, ndani ya sahani, inakaa laini. Nikimaliza, kipande nakifunika kwa beseni.

Nyeusi changanya na tone la buluu, uzimue kwa maji, upake mara mbili au tatu. Ikikauka, chagua taa iko upande gani na usihame. Yangu iko juu kushoto. Kila mgongo wa mkunjo unaotazama huko, upake buluu iliyoiva, yenye ukingo mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Usiifute ififie, wachapaji wale hawakuififisha. Mabondeni rudisha nyeusi tupu. Mwisho zungushia mkanda, glavu na masikio mstari mweusi kwa maka peni yenye ncha nyembamba kabisa. Mkono ukitetemeka, egemeza viwiko vyote viwili mezani na uvute mstari huku unatoa pumzi.

Gandisha joho mwisho. Mpwa wangu alipomwona kwa mbali kwenye rafu, katikati ya chaja, aliuliza: "Mjomba, hiyo picha umeikata wapi?"