Kununua hard disk ya refabishi Kisumu bila kuuziwa mbuzi kwa gunia

Kama kazi yako ni ya video, ile ya matanga Ijumaa na harusi Jumamosi, leo Kakamega kesho Bondo, hauhitaji kuambiwa vile mafaili hujaa. Laptopu imejaa, fleshi zimejaa, na ukiuliza bei ya diski mpya ya TB 4 unajikuna kichwa. Refabishi inasaidia sana hapo na mimi sina shida nayo hata kidogo, bora ukubali kitu kimoja kabla hujatoa pesa: hiyo diski iwe kopi ya pili ya vitu zako, isiwe pekee yake. Diski ya mtumba ikikufa na mafaili yako mahali pengine, umepoteza pesa ya diski tu. Ikikufa na ndiyo ilikuwa imebeba kila kitu, bibi harusi wa watu atakutafuta mpaka kwenu.

Nyingi zenye utapata kwa maduka ya kompyuta pale Oginga Odinga Street, ama Nakuru kwa Kenyatta Avenue, zimetolewa kwa desktopu za ofisi zile tunaita ex-UK, ama kwa DVR, zile mashine za kurekodi CCTV, ama kwa seva. Za ofisi huwa ndogo, GB 500 au TB 1, na mara nyingi hazijateswa sana juu zilikuwa zinazimwa jioni. Za CCTV zimeandika usiku na mchana tangu ziwekwe. Kwa WD (Western Digital) utaijua kwa stika ya zambarau, inaitwa Purple, kwa Seagate inaitwa SkyHawk. Si mbaya, ziliundwa kwa hiyo kazi na bekapu zinashika tu sawa, ila bei lazima ishuke. Za seva kama Seagate Exos ama WD Gold ni kubwa na ngumu lakini zina kelele, ukiweka kwa chumba unacholala utazisikia zikitafuna usiku.

Na usidanganywe ati fundi alifungua akarekebisha ndani. Hiyo haifanywi kwa meza ya duka, vumbi kidogo tu likiingia vichwa vya kusoma vinakwaruza sahani na mchezo umeisha. Refabishi ya mtaani ni diski imetolewa kwa mashine ingine, ikafutwa, na ukibahatika ikapimwa. Ile iliyorudi kwa kampuni iliyoitengeneza ikapimwa huko huwa na stika imeandikwa Recertified, na hiyo ikija na waranti ongeza tu pesa kidogo uichukue.

Kutoshea nako usisahau. Za desktopu ni inchi 3.5 na zinataka volti 12 pamoja na 5, kwa hivyo kesi ya USB isiyo na adapta yake ya stima haitaiwasha. Za laptopu ni inchi 2.5, zinakula volti 5 pekee na USB inatosha. Kwa diski za seva angalia meno ya nyuma vizuri, kuna aina mbili, SATA na SAS: SATA iko na pengo kati ya sehemu ya data na ya stima, SAS hilo pengo limezibwa, na SAS haitaingia kwa desktopu yako ya kawaida hata uombe. Bei yake huwa tamu sana na sasa unajua kwa nini. Kuna pia SATA za seva ambazo ukichomeka hazizunguki kabisa, watu wanadhani zimekufa, kumbe ni volti 3.3 kwa pini ya tatu inaziambia zikae zimezimwa. Watu huziba hiyo pini na kitepe kidogo cha Kapton, kile kisichopitisha stima, zikaamka.

Sasa tuingie kwa duka. Muuzaji akiwa na dok ya USB ya kuchomeka diski poa, kama hana beba laptopu yako na adapta ya SATA, halafu uweke CrystalDiskInfo ukiwa bado nyumbani, ni programu ya bure inayosoma SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia.

"Jatelo, hii ni safi kabisa, imetoka UK."
"Sawa omera, iwashe tu nione SMART."
"Kwani hauniamini?"
"Wewe nakuamini, ni diski siamini."

Ikiwaka kwanza nyamaza uisikilize. Mvumo ni sawa, tik-tik ya kurudiarudia rudisha hapo hapo. Halafu kwa skrini utaona kisanduku cha rangi, bluu ni nzuri, manjano ni tahadhari, nyekundu ni kwaheri, lakini usiishie kwa rangi. Shuka chini kwa ile orodha ya namba za ID. 05 ni sekta, vile vipande vya kushika data, zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba. C5 ni zile diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua. C6 ni zenye zimeshindikana. Hizo tatu mimi nataka zote ziwe sifuri, na muuzaji akikuambia "tatu nne hazina shida", mwambie basi nazo bei yazo itoke. C7 ikiwa na namba mara nyingi ni waya mbovu tu, si diski. Na kwa Seagate usishtuke ukiona 01 na 07 zina manamba makubwa kama deni la serikali, ndio huwa hivyo. Kitu kimoja kinachochanganya wengi: hiyo safu ya mwisho hutokea kwa heksadesimali, kwa hivyo 10 ni kumi na sita. Ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague ya DEC, namba za kawaida.

Masaa ambayo diski imewaka utayaona juu upande wa kulia, Power On Hours. Mwaka mzima bila kuzima ni masaa 8,760, kwa hivyo 20,000 ni kama miaka miwili na kitu ya kuwaka mfululizo, na hiyo kwa diski ya seva haiogopeshi. 45,000 naangalia tu na kuendelea, isipokuwa bei iwe ya kutupa. Sasa linganisha hayo masaa na tarehe ya stika. Stika inasema 2015 na masaa ni 12? Hiyo mita imerudishwa nyuma, vile wanafanyia gari. Si hadithi ya hapa kwetu pekee, mapema 2025 huko Ujerumani watu walijikuta wameuziwa Seagate Exos kuukuu kama mpya, SMART imefutwa safi. Kilichowashika wauzaji ni rekodi ingine ya ndani inaitwa FARM, hiyo haikuwa imefutwa. Kwa Seagate unaweza kuisoma na smartctl, programu ya kuandikia amri, kuanzia toleo la 7.4, unaandika smartctl -l farm halafu jina la diski.

Ukiridhika lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya mtu, na uandikiwe risiti iliyo na seriali namba ya diski pamoja na siku za waranti. Bila seriali utarudi na diski waseme si yao. Ukiagiza kutoka Nairobi ije na parcel, omba picha ya SMART yenye seriali inaonekana, na uwaambie waifunge vizuri, maana buti ya matatu haina huruma.

Nyumbani usianze kumwaga mafaili. Tumia hizo siku za waranti kuitesa. Ifomati ile kamili, si ya haraka, Windows ikifomati kamili inaandika sifuri kwa diski yote na hapo mafaili ya mwenyewe wa zamani pia yanaenda. Kama ni zaidi ya TB 2 ukiulizwa mpangilio wa diski chagua GPT, ile ya zamani ya MBR itakuishia hapo. Ikimaliza fungua GSmartControl, programu ingine ya SMART, uipe testi ndefu, TB 1 ni kama masaa mawili, TB 4 iwache usiku, mradi stima isipotee. TB 1 kuonekana kama 931 GB hujaibiwa, Windows inahesabu hivyo. Rudi uangalie 05 na C5 tena, zikiwa zimepanda hata kidogo rudisha ukiwa bado na haki.

Na ukishaanza kuitumia, maliza kukopi halafu uichomoe. Huku kwetu, toka Kisii mpaka Kakamega, radi si mchezo, na bekapu iliyochomekwa kwa mashine moja na kopi ya kwanza itaungua nayo siku hiyo hiyo. Weka kwa kabati, ama bora zaidi kwa ndugu yako mtaa mwingine. Kila mwezi iwashe uangalie SMART, na siku C5 itatokea usikimbilie testi ndefu wala skandiski, kopi kwanza zile vitu huna mahali pengine, testi baadaye.